Mgonjwa wa Kwanza Hakuandikwa Jina

Kwa karibu wiki mbili dada yangu alilala ameketi. Alikuwa na miaka 29, mtoto wake wa pili alikuwa na siku 20, na kila alipojaribu kujilaza kitandani alishtuka akitafuta hewa kama mtu aliyezamishwa majini. Tukampangia mito mitatu kwenye sofa, pale kwake Umoja, akawa anasinzia hapo huku mtoto yuko mapajani mwangu. Miguu yake ilikuwa imevimba hivi kwamba ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Mara ya kwanza tulipoenda hospitali, daktari wa zamu hakumpima hata kifua. Alimwangalia yeye, akamwangalia mtoto, akacheka kidogo, bila ubaya. "Mama, una watoto wawili wadogo. Utakosaje kuchoka?" Tukarudi na vidonge vya kuongeza damu. Mara ya pili, kwingine, tukaambiwa ni kifua tu, tukapewa dawa ya kikohozi. Ni mara ya tatu ndipo tukampata daktari msichana, pengine ananizidi miaka minne hivi, ambaye aliuliza swali moja: "Unaweza kulala chali?"

Dada akatikisa kichwa. Siku hiyo hiyo akapigwa eko, ile picha ya moyo. Moyo wenye afya ukipiga mara moja husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyojaa ndani yake. Wa dada ulikuwa unasukuma asilimia 28.

Mimi ndiye niliyekuwa na muda. Nilikuwa nimeacha chuo muhula uliotangulia, kwa hivyo nikawa mbeba mtoto, mbeba faili na mlinda foleni. Foleni ya kliniki ya moyo ni ndefu, manze, na simu ikiwa na bando utasoma chochote. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: inakuwaje daktari anamwona mwanamke anayekosa pumzi na wazo la moyo halimjii kichwani? Jibu nililolipata linaanzia mbali, Paris, mwaka wa 1816.

Mwaka huo, katika hospitali ya Necker, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Njia za wakati huo zilikuwa mbili: ugonge kifua kwa vidole usikilize mlio, au uweke sikio lako kifuani moja kwa moja. Kugonga hakukusaidia kwa sababu mgonjwa alikuwa mnene. Kuweka sikio kwenye kifua cha msichana nayo ilikuwa aibu. Laennec akachukua karatasi, akaziviringisha zikawa bomba, upande mmoja akauweka kifuani na mwingine sikioni. Akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Hiyo ndiyo stetoskopu. Mwaka wa 1819 akatoa kitabu kuihusu, na tangu hapo ukimchora daktari ni lazima umvishe hicho kitu shingoni.

Yaani kifaa ambacho kimekuwa alama ya udaktari dunia nzima kilizaliwa kwa sababu ya mwanamke mgonjwa wa moyo. Katika maelezo ya Laennec tunaambiwa ni kijana, ni mwanamke, ni mnene. Jina hatuambiwi.

Nilidhani ni sadfa. Nikaendelea kusoma.

Boston, 1923: daktari Elliott Cutler anajaribu kupanua vali ya moyo iliyoziba. Mgonjwa ni msichana wa miaka 12. London, 1925: Henry Souttar anaingiza kidole chake ndani ya moyo unaopiga ili aifungue vali ya namna hiyo hiyo. Mgonjwa ni msichana, na anapona. Minnesota, 1952: madaktari wanaupoza mwili wa mgonjwa ili wapate dakika chache za kuziba tundu la moyoni. Mgonjwa ni msichana wa miaka 5. Philadelphia, Mei 1953: John Gibbon anatumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na kwa mara ya kwanza duniani upasuaji wa moyo kwa mashine hiyo unafaulu. Mgonjwa ni binti wa miaka 18. Halafu Cape Town, Desemba 1967, ile habari ambayo hata shosho wangu anaikumbuka: Christiaan Barnard katika hospitali ya Groote Schuur anahamisha moyo wa binadamu kutoka kifua kimoja hadi kingine. Aliyepokea ni mwanamume, Louis Washkansky, akaishi siku 18. Moyo wenyewe ulikuwa wa mwanamke wa miaka 25, Denise Darvall, aliyegongwa na gari.

Sisemi kwamba wagonjwa wote wa kwanza walikuwa wanawake. Hapana. Lakini walikuwepo karibu kila mlango ulipofunguliwa, na kwa wale wa Boston na London kuna sababu. Ugonjwa mkubwa wa moyo kwa vijana siku hizo ulikuwa ule wa rumatiki: mtoto anaumwa koo, koo halitibiwi, mwili unapigana na vijidudu na katika kupigana huko unaharibu vali za moyo wake wenyewe. Vali ikishakakamaa na kuziba, wengi wanaoumia ni wanawake. Kwa daktari wa moyo wa 1920, mgonjwa msichana hakuwa ajabu.

Basi walipotelea wapi?

Nchi tajiri zilipopata nyumba bora na dawa za kuua vijidudu, rumatiki ikapungua sana. Nafasi yake ikachukuliwa na mshtuko wa moyo: mishipa inayoulisha moyo inaziba kwa mafuta, mtu anashika kifua, anaanguka. Waliokuwa wakianguka mapema, wakiwa na miaka 45 au 50, mbele ya wenzao kazini, walikuwa wanaume. Tena kulikuwa na maandishi ya zamani ya kuunga mkono picha hiyo. Daktari William Heberden wa London, aliyeeleza maumivu hayo ya kifua katika karne ya 18, aliandika kwamba kati ya wagonjwa karibu 100 aliowaona, wanawake walikuwa 3. Ugonjwa ukapata sura: mzee mwenye tai, mwenye kitambi, mwenye sigara.

Mwaka wa 1964, mjini Portland, Marekani, uliitishwa mkutano wa kwanza wa wanawake kuhusu ugonjwa wa moyo. Unajua ulikuwa wa nini? Kuwafundisha wake jinsi ya kulinda mioyo ya waume zao. Kupika chakula chenye mafuta kidogo, kumpunguzia mzee mawazo. Wanawake walijaa ukumbini kusikiliza kuhusu ugonjwa uliokuwa ukiwaua wao pia, na wakarudi nyumbani kumwangalia mwingine.

Kisha zikaja tafiti kubwa, zile ambazo madaktari wa dunia nzima, hata wa hapa kwetu, wamejifunzia dawa zake. Coronary Drug Project: wagonjwa 8,341, wote wanaume. MRFIT, uliotoa matokeo mwaka wa 1982: watu 12,866, wote wanaume. Utafiti wa aspirini kwa madaktari wa Marekani katika miaka ya 1980: watu 22,071, wote wanaume. Na katika huo wa kwanza kuna kituko ambacho kilinifanya nicheke peke yangu kwenye foleni hadi mama wa kando akanigeukia. Watafiti waliona kwamba wanawake kabla ya kukoma hedhi hawapati sana mshtuko wa moyo, wakashuku kinachowalinda ni homoni ya estrojeni. Sasa wakaijaribu. Wakawapa wanaume. Ikabidi wasimamishe sehemu hiyo kwa sababu homoni ilikuwa ikiwadhuru.

Sababu za kuwaacha wanawake nje zilisikika kama huruma. Homoni zao hupanda na kushuka, zitachafua hesabu. Wanaweza kushika mimba, dawa itamdhuru mtoto. Hofu hiyo ya pili haikuwa ya bure, kwa sababu dunia ilikuwa imeona watoto waliozaliwa bila mikono wala miguu kwa ajili ya dawa ya thalidomide. Mwaka wa 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa mwongozo wa kuwaondoa wanawake wanaoweza kuzaa katika hatua za mwanzo za kujaribu dawa. Lakini ukiangalia vizuri utaona lililofanyika. Dawa haikujaribiwa kwa wanawake, halafu ikauzwa kwa wanawake. Hatari haikuondolewa. Ilihamishwa tu kutoka kwenye utafiti, ambako kuna mtu anayeandika kila kitu, ikapelekwa nyumbani, ambako hakuna anayeandika.

Aliyepiga ngumi meza alikuwa Bernadine Healy, daktari wa moyo, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani. Mwaka wa 1991, jarida moja kubwa la udaktari lilichapisha tafiti mbili zilizoonyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa wa moyo hawachunguzwi wala hawatibiwi kwa nguvu ile ile kama wanaume. Healy akaandika tahariri, akauita ugonjwa huo wa mfumo kwa jina la Yentl, msichana katika hadithi ya Isaac Bashevis Singer anayelazimika kuvaa kiume ili aruhusiwe kusoma. Hoja yake ilikuwa rahisi: mwanamke hutibiwa sawa na mwanamume pale tu anapothibitisha kwamba moyo wake unaumwa kiume.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka wa 1993 ule mwongozo wa 1977 ukabadilishwa, na sheria ikapitishwa kwamba utafiti unaolipwa na pesa za serikali ya Marekani lazima uwahusishe wanawake. Mwaka wa 1998 daktari Sharonne Hayes akaanzisha kliniki ya moyo ya wanawake katika hospitali ya Mayo. Mwaka uliofuata wanawake watatu waliopata mshtuko wa moyo wakiwa na miaka ya arobaini wakaanzisha shirika lao, WomenHeart, kwa sababu walichoka kuambiwa ni wasiwasi.

Na kliniki ya moyo ya wanawake ina nini ambacho ile ya kawaida haina? Hata mimi niliuliza hivyo. Moyo si moyo?

Ni moyo, lakini maswali ni mengine. Pale watakuuliza kama ulipata presha ukiwa mjamzito, kwa sababu mwanamke aliyepata kifafa cha mimba yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye. Watakumbuka kwamba wanawake, pamoja na maumivu ya kifua, mara nyingi huja na kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya, na uchovu usioelezeka. Picha ya mishipa mikubwa ikionekana safi hawatakwambia uende nyumbani ukapumzike, maana shida inaweza kuwa katika mishipa midogo isiyoonekana kwenye picha hiyo, au mshipa umechanika ndani. Wanaujua pia ule ugonjwa ambao madaktari wa Japani waliuandika mwaka wa 1990 wakauita takotsubo, kwa jina la chungu cha kutegea pweza, kwa sababu moyo hufura ukawa na umbo hilo, mara nyingi baada ya msiba au mshtuko mkubwa. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokoma hedhi. Na hesabu zilipofanywa upya, majibu yalibadilika kweli. Aspirini iliwapunguzia wale madaktari wanaume mshtuko wa moyo kwa kiasi kikubwa. Ilipojaribiwa kwa wanawake karibu 40,000, matokeo ya 2005 yakaonyesha kwamba kwa jumla haikuwapunguzia mshtuko wa moyo, bali kiharusi.

Hapo nikafika mahali nikaona, sawa, lakini huyu si dada yangu. Kliniki hizi zilijengwa kwa ajili ya mama wa miaka 60 huko Minnesota. Dada ana miaka 29, hana mafuta kwenye mishipa, havuti sigara. Huku kwetu moyo wa mwanamke huumwa mapema, na huumwa pamoja na uzazi.

Kuna utafiti mmoja, REMEDY, uliowafuata watu 3,343 wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Rumatiki ile iliyotoweka Boston na London iko kwetu bado. Nusu ya wagonjwa walikuwa na miaka 28 kushuka chini. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Wengi walikuwa katika umri wa kuzaa, na kwa wenye vali mbovu mimba inaweza kuua, kwa sababu mwili wa mjamzito huongeza damu karibu nusu tena na moyo lazima uisukume yote. Waliokuwa wanatumia njia ya kupanga uzazi? Asilimia 3.6. Wengine wanatumia dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Daktari wa moyo anaandika dawa. Swali la mimba anamwachia daktari wa uzazi, ambaye swali la moyo anamwachia daktari wa moyo.

Ugonjwa wa dada yangu si rumatiki. Ni ule ambao moyo unalegea mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua. Mwaka wa 1971 madaktari wa Chicago waliuwekea mipaka ya kuutambua baada ya kuwafuatilia wanawake 27. Miaka hiyo hiyo, kule Zaria kaskazini mwa Nigeria, uliwajaza akina mama wodini kuliko karibu popote duniani. Watafiti wakatazama mila za Wahausa: mama aliyejifungua hulazwa kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini yake, huogeshwa maji moto sana, hunywa uji uliotiwa magadi. Siku 40. Mtu wa Mombasa akisoma hapo ataitambua arobaini. Wakasema chanzo ni hizo mila. Lakini tafiti za baadaye, Nigeria hiyo hiyo, hazikuona kwamba mila ndizo zinazoleta ugonjwa. Sishangai kwamba la kwanza kulaumiwa lilikuwa uji wa mama mkwe.

Mwaka wa 2007 timu ya Hannover, Ujerumani, ikaja na dalili mpya: homoni inayotengeneza maziwa inaweza kukatika vipande, na kipande kimoja huharibu mishipa midogo ya moyo. Mwaka wa 2010 Karen Sliwa na wenzake wa Afrika Kusini wakajaribu dawa ya kuizuia kwa akina mama 20. Kumi walipata tiba ya kawaida peke yake, wanne wakafa. Kumi wakaongezewa ile dawa, akafa mmoja. Utafiti mdogo, na wenyewe walisema hivyo, lakini soma tena: ni wanawake Waafrika, katika hospitali ya Afrika, na swali limeulizwa kwa ajili yao. Na pale Groote Schuur, hospitali ile ile ya moyo wa Denise Darvall, daktari wa moyo na daktari wa uzazi humwona mgonjwa wakiwa pamoja.

Pamoja. Neno hilo ndilo lililonikaa. Kwa sababu dada alipewa dawa ya moyo jengo moja, akapewa tarehe ya kliniki ya mtoto jengo la pili, na habari za kupanga uzazi jengo la tatu. Wa kwanza alimwambia aache kunyonyesha. Wa pili akamgombeza kwa kuacha kunyonyesha. Wa tatu alitaka kumpa sindano bila kujua kwamba ana ugonjwa wa moyo, hadi nilipofungua faili. Kwa mwaka mzima, mimi na lile faili ndio tulikuwa kliniki ya pamoja. Mtu aliyeacha chuo, na karatasi.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kliniki maalum za wanawake ni anasa ya wazungu, na sisi tuna malaria ya kushughulikia, siwezi kunyamaza. Hatuhitaji jengo lenye vioo. Vyumba vipo, madaktari hao wawili mara nyingi wako katika hospitali moja. Kinachohitajika ni waketi meza moja hata siku moja kwa wiki, na nesi wa kliniki ya watoto afundishwe swali lile moja: unaweza kulala chali? Uchovu wa mtoto mchanga haumzuii mtu kulala chali. Uchovu hukulaza. Kama mama anaamka usiku akitafuta hewa, kama anakohoa akilala, kama miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, hiyo si "kawaida ya wamama". Apigwe eko.

Moyo wa dada sasa unasukuma asilimia 46. Bado haujafika. Mtoto anatembea, anavuta waya za chaja, anatusumbua vizuri. Shemeji anataka wa tatu. Daktari amesema mimba nyingine kabla moyo haujapona inaweza kuurudisha pale pale au chini zaidi, na dada amesikia, na bado kuna jioni namwona akikunja zile nguo ndogo na kuziweka, hazigawi.

Nilimsomea makala haya kabla ya kuyatuma. Nilipofika kwa yule msichana wa Paris akanisimamisha. "Na yeye alipona?" Nikamwambia sijui, Laennec aliandika zaidi kuhusu bomba. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia nisiweke jina lake hapa, watu wa kazini wataanza kumhurumia. Sijaliweka. Lakini yeye aliulizwa.